Kila Sungura na Mkono Wake: Namna ya Kusoma Hulka ya Sungura wa Nyumbani na Kumshika Bila Kumuumiza

Sungura wawili waliozaliwa tumbo moja na kulelewa banda moja wanaweza kukua wakawa viumbe tofauti kabisa. Mmoja akisikia hatua zako anakuja mbio mlangoni, anakupanda miguuni, anataka akunwe kipaji cha uso. Mwenzake akiona mkono tu anajibanza kona, na ukiendelea anakuparura. Wengi husema wa kwanza ni mzuri na wa pili ni mkorofi. Mimi nasema wote wawili ni wazima, ila wa pili hajapata mkono unaomfaa.

Kabla ya hatua yoyote, elewa kwamba sungura ni mnyama anayewindwa. Kinachomjia kutoka juu, mwili wake unakipokea kama mwewe. Kinachombana mbavu anakipokea kama meno. Hofu hiyo wanayo wote, hata waliofugwa tangu kuzaliwa. Wanachotofautiana ni ukubwa wake na namna wanavyoitoa: kuna anayekimbia, kuna anayeganda, na kuna anayepigana. Ukishajua wako ni yupi, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumgusa

Siku chache za mwanzo usimshike. Kaa sakafuni karibu naye, si juu yake, ufanye shughuli zako: soma, shona, zungumza kwa sauti ya chini. Chagua alfajiri au magharibi, maana ndizo saa ambazo sungura huchangamka. Saa saba mchana anataka kulala, na ukimpima hulka wakati huo utamwonea.

Anza na pua. Pua inayochezacheza upesi ni ya sungura aliye macho au mwenye wasiwasi, na inayopunguza kasi mpaka karibu isimame ni ya aliyetulia. Kisha masikio. Yakisimama na kugeukageuka, anasikiliza. Yakilazwa nyuma na kubana mgongo, huku mwili umekaza na mkia umeinuka, hilo ni onyo, na mkono ukizidi kusogea utapigwa. Lakini masikio yaliyolala nyuma kwa ulegevu, mwili umejinyoosha na miguu imetupwa pembeni, hayo ni mapumziko. Kwa hiyo usisome sikio peke yake, soma sikio pamoja na mwili. Kwa sungura wenye masikio ya kuning'inia, kama Holland Lop, sikio halikuambii mengi, hivyo tegemea zaidi pua, macho na mkao.

Sikiliza pia. Kishindo cha mguu wa nyuma kinasema kuna hatari, au kwamba amechukizwa. Kusaga meno kwa mtetemo mdogo unapomkuna ni raha. Kusaga kwa nguvu, huku amejikunyata na macho nusu yamefumba, ni maumivu. Mguno mfupi unaofuatwa na kurukia mkono wako maana yake ni toka hapa. Na akipiga ukelele mkali, jambo ambalo wengi wao hawalifanyi maisha yao yote, ameingiwa na hofu ya kufa au ana maumivu makubwa. Acha unachofanya papo hapo.

Furaha yake nayo ina alama zake: anaruka hewani akijipinda kiuno, au anajiangusha ubavu ghafla kama aliyepigwa na usingizi. Anayefanya hivyo ukiwa umeketi chumbani amekwisha kukukubali, hata kama bado hataki kushikwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wafugaji wengi huyachanganya.

Sasa fanya jaribio dogo. Weka kiganja sakafuni, kimelala, umbali wa mkono mmoja kutoka alipo, usikisogeze. Sungura mdadisi atakuja kunusa, pengine afute kidevu chake kwenye vidole vyako ili akuachie harufu ya tezi zilizo chini ya kidevu. Mwoga ataondoka. Mwingine atabaki palepale, hanusi, hatafuni, macho wazi. Mwingine atakuja kwa kasi, aguse, hata apige kwa miguu ya mbele. Rudia kwa siku kadhaa. Jibu linalojirudia ndilo hulka yake. La siku moja huenda likawa ni kelele ya jirani tu.

Hatua ya 2: Jua hulka hiyo imetoka wapi

Watu huanza na mbegu, yaani aina ya sungura, nami nitaipitia haraka kwa sababu inasema machache kuliko inavyosifiwa. Mbegu kubwa kama Flemish Giant, anayefika kilo 6 na zaidi, kwa kawaida ni tulivu na hazishtuki ovyo. Himalayan na Dutch wana sifa ya upole. Netherland Dwarf, ambaye kwa kawaida hazidi sana kilo 1, mara nyingi ni mwepesi wa kushtuka na mwepesi wa kukasirika. Belgian Hare ana miguu mirefu na damu moto, anahitaji nafasi ya kukimbia kuliko paja la kukalia. Huo ni mwelekeo tu. Nimeona majitu ya woga na vibete wasiojua hofu.

Umbo lenyewe lina uzito kuliko jina la mbegu. Sungura mweupe mwenye macho mekundu huona vibaya, ndiyo maana utamwona akiyumbisha kichwa huku na huku akijaribu kupima umbali. Huyo zungumza naye kabla ya kumkaribia. Wenye masikio ya kuning'inia wana njia nyembamba ya sikio, husikia kwa shida zaidi na hupata maambukizi ya sikio kwa urahisi, hivyo usiwatokee kutoka nyuma. Rex ana manyoya haba kwenye nyayo, na nyayo zikichubuka atakataa kushikwa miguu, nawe utadhani ni ukaidi. Angora na Lionhead wanahitaji kuchanwa manyoya maisha yao yote, kwa hiyo mazoezi ya kuguswa kwao si hiari. Yaanze mapema.

Malezi ya siku za kwanza ni jambo kubwa ambalo anayenunua sungura mara chache huliulizia. Watafiti wa Hungaria walionyesha, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba watoto wa sungura walioshikwa na binadamu katika wiki ya kwanza ya maisha, karibu na muda wa kunyonya, walikua wakiwa hawamwogopi binadamu kama wenzao wasioshikwa. Mama sungura hunyonyesha kwa dakika chache tu, kwa kawaida mara moja kwa siku, kwa hiyo nafasi hiyo ni finyu na mfugaji makini huitumia. Unapochukua sungura, uliza: watoto hawa waliguswa wakiwa bado hawajafumbua macho? Jibu litakueleza zaidi ya rangi ya manyoya.

Halafu kuna umri na jinsia, na hapa ndipo wenye sungura wengi hukata tamaa. Ulichukua kichanga cha wiki nane, mpole, anakaa kiganjani. Kati ya umri wa miezi mitatu na sita, mapema kwa mbegu ndogo na baadaye kwa kubwa, anabalehe. Dume anaanza kukuzunguka miguu, kupanda vitu, kurusha mkojo ukutani. Jike anaanza kulinda banda. Ukiingiza mkono kubadilisha maji anaguna na kukurukia. Wakati mwingine anajinyofoa manyoya ya kifua na kukusanya nyasi mdomoni hata kama hana mimba. Hiyo ni mimba ya uongo, huchukua kama siku 16 hadi 18, na katika siku hizo yuko mkali. Hajaharibika wala hajakuchukia. Ni homoni.

Kumhasi dume, au kumwondoa jike mfuko wa uzazi pamoja na vifuko vya mayai (ovari), ndilo jambo linalobadilisha hulka kuliko mafunzo yoyote. Mpe wiki nne hadi sita baada ya upasuaji ili homoni zishuke. Dume naye anaweza kuendelea kutia mimba katika wiki hizo, basi usimwachie jike mapema. Kwa jike kuna sababu nyingine nzito zaidi ya ukali: saratani ya mfuko wa uzazi huwapata majike wengi wasiofanyiwa upasuaji wanapofikisha miaka minne na kuendelea. Tafuta daktari wa mifugo aliyezoea sungura, maana dawa za usingizi kwao zina uangalifu wake, na usimfungishe kula kabla ya upasuaji kama wafungishwavyo mbwa na paka. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halipaswi kukaa tupu.

Hatua ya 3: Zoeaneni chini, sakafuni

Mazoea yote yaanzie chini, miguu yake minne ikiwa imekanyaga. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya pua na chini ya kidevu haoni. Mkono unaotokea hapo ghafla humshtua hata sungura mpole. Leta mkono kwa ubavu, polepole, auone unavyokuja, kisha uuweke juu ya kipaji cha uso.

Kipaji, mashavu na nyuma ya masikio, hapo ndipo wanapolambana wao kwa wao na ndipo pazuri pa kuanzia. Tumbo, nyayo, mkia na kidevu viache mpaka siku nyingine kabisa. Akiinamisha kichwa na kukibandika sakafuni, anaomba aendelee kukunwa. Akikusukuma kwa pua, huenda anataka vivyo hivyo, huenda anataka upishe njia. Mkune kidogo utajua. Mpe jani moja la mboga kutoka mkononi, dogo, si rundo. Na ondoa mkono wewe kabla hajaondoka yeye. Hili la mwisho ndilo linalomfanya kesho asogee mwenyewe.

Hatua ya 4: Kumnyanyua

Sungura walio wengi hawapendi kunyanyuliwa, na hilo haliponywi na mapenzi. Nyanyua kwa sababu: kukagua tumbo na meno, kukata makucha, kumpima, kumwokoa. Usinyanyue kwa ajili ya kumbembeleza, kwani kubembeleza hufanyika sakafuni.

Sababu yake iko mwilini mwake. Mifupa yote ya sungura ni takriban asilimia 8 tu ya uzito wake, wakati ya paka ni karibu asilimia 13, na mifupa hiyo myepesi imefungwa kwenye misuli ya mapaja yenye nguvu kubwa. Akipiga teke hewani bila kitu cha kukanyaga, nguvu hiyo hurudi kiunoni na inaweza kuvunja uti wa mgongo. Hahitaji hata kuanguka.

Piga magoti kwanza. Ingiza mkono mmoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, na mwingine uwe tayari umeshika makalio kabla miguu haijaachana na sakafu. Inua vyote viwili kwa pamoja na umlete kifuani pako mara moja, mwili wake uegemee wako na miguu ya nyuma ikanyage kiganja au mkono wako. Mwoga anaweza kuficha kichwa kwenye kiwiko chako, mwache. Akianza kufurukuta usimkabe. Teremka wewe, shuka karibu na sakafu huku makalio yake bado umeyashika, mpaka miguu iguse chini. Unapomrudisha bandani mtangulize makalio, uso ukikuelekea wewe, kwa sababu akiona banda mbele yake ataruka, na ni katika mruko huo wengi wanaumia.

Masikio si mpini. Usimshike masikio, hata siku moja, hata kwa sekunde. Ngozi ya shingo peke yake pia haibebi uzito wa mwili.

Kwa Flemish Giant na wenzake, tumia mikono yote miwili mpaka viwiko au, bora zaidi, usimbebe kabisa: mfundishe kuingia mwenyewe kwenye boksi la kusafiria kwa kulishwa ndani yake, na ubebe boksi. Kwa kweli ningependa kila sungura afundishwe hivyo, mkubwa na mdogo. Kwa mdogo mwenye kurukaruka, mfunge taulo: mweke katikati, leta upande mmoja juu ya mgongo na chini ya kidevu, kisha wa pili, pua ikiwa wazi, na miguu ya nyuma imekunjwa mahali pake. Sungura hushikwa na joto upesi, usimwache ndani ya taulo muda mrefu. Ukimkagua mezani, tandika kitu kisichoteleza.

Kuna watu humgeuza chali mapajani, akanyamaza, wakasema amelala. Hajalala. Ni kuganda kwa mnyama anayejiona ameshakamatwa, na vipimo vimeonyesha homoni za mfadhaiko zikipanda baada ya kulazwa hivyo. Usifanye mchezo huo.

Hatua ya 5: Geuza mkono kulingana na hulka

Anayekimbia ndiye rahisi kuliko wote, ingawa anachosha. Mpe maficho yenye milango miwili ili asijione amenaswa, na usimfukuze kamwe chumbani kumrudisha bandani. Kila ukimkimbiza unathibitisha anachokihofia. Mlishe bandani saa ileile kila siku, atarudi mwenyewe. Kama aliwahi kuangushwa au kuminywa mikononi mwa mtu, mhesabie miezi, si wiki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sungura hukumbuka mikono.

Anayeganda ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu watu humsifu. "Huyu mpole, unamfanya lolote." Anabebwa na kila mgeni, anapigwa picha, anapitishwa mkono kwa mkono, naye hatikisiki. Mwangalie vizuri: macho yametoka mpaka weupe unaonekana, mwili mgumu, pua ama inakimbia sana ama imesimama kabisa, anahema juu juu. Sungura mtulivu kweli hulegea, hukubali kuchukua jani la kutafuna na hubadilisha mkao. Basi jaribu hilo la jani. Asipolila chakula anachokipenda akiwa mikononi mwako, yuko ndani ya hofu. Mweke chini, punguza kumshika kwa wiki mbili tatu, umrudishe kwenye hatua ya 3. Mara nyingi utamwona "anaharibika": anaanza kukwepa, kuguna, hata kupiga kishindo. Hayo ni maendeleo, ndiyo kwanza amejua kwamba ana ruhusa ya kusema hapana.

Anayepigana karibu kila mara anapigania mahali. Mtoe bandani uone: jike aliyekuparura mlangoni anaweza kuja kukunusa miguu akiwa nje. Kwa hiyo kazi za banda, kufagia, kubadilisha nyasi kavu na chombo cha maji, zifanye akiwa nje anazunguka. Usihamishe vitu vyake vyote kwa mara moja. Ukilazimika kuingiza mkono, upitishe ubavuni mwa kichwa chake na uutue kwenye kipaji kwa utulivu, usiulete mbele ya pua. Vaa mikono mirefu ili ukiparurwa usirushe mkono nyuma, maana ukiurusha kila anapoguna atajifunza kwamba kuguna kunafanya kazi. Usimpige, usimpulizie puani, usimkandamize kichwa chini. Adhabu kwa sungura haifundishi chochote zaidi ya kwamba wewe ni mwindaji. Na kama hajafanyiwa upasuaji wa uzazi, anzia hapo kabla ya mengine yote.

Yule mdadisi wa kupanda mapaja hahitaji mwongozo mrefu. Mwekee mipaka tu: akikung'ata kidogo kudai chakula, toa sauti fupi ya juu na usimpe wakati huo.

Watoto nyumbani

Mtoto mdogo na sungura wakutane sakafuni tu. Mtoto aketi, akunje miguu, aweke jani kwenye paja na asubiri sungura aje. Kunyanyua ni kazi ya mkubwa, hata kama sungura ni mpole kiasi gani. Mtoto akimwangusha kutoka urefu wa kifua chake tu, inatosha kumvunja. Ukichagua sungura kwa ajili ya nyumba yenye watoto, chukua wa umbo la kati au kubwa, mtu mzima aliyekwisha kuhasiwa na ambaye hulka yake inajulikana, badala ya kichanga cha mbegu ndogo kinachovutia macho.

Hulka ikigeuka ghafla

Sungura aliyekuwa anakuja kukunwa, leo anaguna ukimgusa. Mdadisi amejibanza kona. Mpiganaji amekuwa mpole na anakubali kila kitu, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Kama hakuna kilichobadilika nyumbani, dhani maumivu kwanza. Meno ya sungura hayaachi kukua, na yakipishana huchoma ulimi na mashavu. Masikio, kibofu, nyayo, na kwa wazee viungo vya mgongo na nyonga, vyote vinaweza kumfanya akatae mkono aliokuwa anaupenda jana.

Akikaa muda wa saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Utumbo wake unasimama, na hali hiyo inaweza kumuua upesi. Usisubiri asubuhi. Kabla ya kumpigia daktari simu, uwe na majibu haya: mara ya mwisho alikula lini na nini, vinyesi vya mwisho vilikuwa vya ukubwa gani, amekojoa au la, anakaaje, na ni mguso gani aliokuwa akiukubali ambao sasa anaukataa. Msafirishe kwenye boksi alilolizoea, lenye kitambaa chenye harufu ya bandani, na kama anaishi na mwenzake wapeleke wote wawili. Mgonjwa hutulia akiwa na mwenzake, na wakirudi pamoja, harufu ya hospitali ikiwa kwa wote, hawatapigana kana kwamba ni wageni.